Mashati ya Ngome Nyeupe

Mwanangu Griffins ni muuguzi katika mji mmoja wa Marekani, na barabara anayopitia kwenda kazini ndiyo wale wapumbavu waliyoichagua kwa maandamano yao. Walijiita Ngome Nyeupe. Wanaume wazima wenye vitambi, wamevaa mashati meusi yenye picha ya ngome kifuani, wakipiga kelele kwamba watu kama mwanangu warudi walikotoka. Ngome yenyewe ilikuwa chumba walichokodi nyuma ya duka la magurudumu.

Mwanzoni walikuwa tisa. Mwaka uliofuata Griffins aliwaona wakijaza barabara nzima, akafunga pazia, akanipigia simu. "Mum, mimi nataka kurudi."

Nilikataa. Kanisa zima lilifanya harambee ili aende, na mimi nilishazoea kuitwa mama wa muuguzi wa Amerika. "Kaa hapo," nikamwambia. "Watachoka."

Kweli wakachoka. Mkubwa wao, muuza bima aliyehubiri usafi wa damu na heshima ya familia, alifumaniwa akiwa na mke wa naibu wake. Wakapigana ngumi, wakashtakiana, kila mmoja akakimbilia polisi kumchongea mwenzake. Walitaka kutawala nchi nzima, chumba kimoja kikawashinda. Nilicheka mpaka nikaketi chini.

Mimi huuza mitumba hapa Nyeri, na sokoni tuna imani yetu: nguo za mtu zikifika kwenye belo, mwenyewe amekwisha. Amekufa, au amefutwa kazi, au ameachwa. Basi mwezi jana nilikata kamba za belo, wanawake wakasogea kuwahi kamera, zile nguo safi kabisa, nami nikaiona ngome. Mashati arobaini na mawili. Niliwaambia wasiguse hata moja.

Nilimpigia Theuri, nyapara wa wachuma chai kule Othaya, akayachukua yote kwa bei ya kutupa. Wiki iliyofuata akanitumia picha: wachumaji wamejipanga shambani, vikapu mgongoni, ngome kifuani. Mama mmoja alikuwa akinyonyesha ndani ya shati lake. Nikamtumia Griffins, kisha nikampigia. Kwangu ilikuwa alasiri, kwake asubuhi, naye alikuwa njiani kwenda kazini.

"Umeona? Wameisha," nikasema huku nikicheka. "Ngome imekuja kuchuma majani chai."

Hakucheka.

"Mum, hao hawajaenda mahali. Ni shati tu walitoa. Yule alikuwa anabeba bendera yao, siku hizi ndiye askari wa mlango hapa hospitali. Kila asubuhi anaangalia kitambulisho yangu mara mbili, ati hanijui."

Miaka mitatu nilimwuliza kama amekula, kama kuna baridi. Sikuwahi kumwuliza anaingiaje kazini. Niliona aibu.

"Rudi nyumbani," nikamwambia.

"Ngoja kidogo, Mum. Nimefika kwa mlango."

Hakukata simu. Nilisikia mwanamume akimwomba kitambulisho, na baada ya kitambo akakiomba tena.