Kadi Umeipata?

Watu walimwita Bwana Kata, kwa sababu ndiyo ilikuwa kazi yake: kukata na kuunga video za harusi. Harusi yake mwenyewe ilikatika miaka minne iliyopita, na hiyo fundi wa kuiunga hakupatikana. Mke alihamia mji mwingine na binti yao wa pekee. Yeye akabaki na vyumba viwili, cha mbele studio, cha nyuma kitanda na sufuria moja.

Kitu cha maana alichobaki nacho ni saa moja kwa wiki. Kila Jumamosi saa nne asubuhi binti yake, msichana wa miaka kumi na saba, aliwasha kompyuta huko aliko, naye akawasha ya kwake, wakashindana kuendesha magari kwenye mchezo mmoja huku wakiongea kwa hedifoni. Bwana Kata alikuwa dereva mbovu kupita kiasi. Aligonga kuta na kupitwa na kila mwenye magurudumu, binti akamcheka, na yeye akaishi kwa kicheko hicho siku sita. Siku hizo sita aliongea na mabibi harusi wa kwenye skrini, ambao hawana majibu.

Basi mchezo ukatangaziwa toleo jipya. Kompyuta yake ikamwandikia wazi kwamba kadi yake ya picha, kile kifaa cha ndani kinachochora picha za skrini, ni ya zamani mno, na mwezi ukiisha mchezo hautafunguka. Jumamosi ile akamwambia binti, "Mashine yangu inataka kadi mpya, nikiipata nitakwambia." Binti alikuwa kwenye kona kali. Akaitikia "mm", na Bwana Kata akahesabu kuwa amesikia.

Duka la vipuri lilikuwa la mama mmoja mkavu, aliyeitwa Mama Feni kwa kuwa hauzi kitu kabla hajasikiliza feni yake.

"Unataka ya kuchezea au ya kufanyia kazi?" aliuliza.

"Zote mbili. Na mfuko ni mmoja."

Mama Feni akamwekea tatu juu ya meza. Bwana Kata macho yakamkimbilia ile mpya yenye taa za rangi.

"Kipya kinyemi," mama akasema, "lakini pawasaplai yako haijui methali. Hii inakula umeme kuliko mashine yako nzima, utaiwasha mara moja tu." Akaigusa ya pili, kubwa na ya bei chee. "Hii ilikuwa inachimba sarafu za mtandaoni usiku na mchana. Rahisi hugharimu, kaka, mimi sikuuzii." Ya tatu ilikuwa ndogo, iliyotumika kidogo, ya feni moja. "Memori gigabaiti nane. Chini ya hapo, video ya harusi yenye urefu wa saa nne itagandaganda mpaka maharusi wazeeke. Na mchezo utacheza, ila bila mbwembwe. Ni ya kumchezesha mtoto?"

"Ni ya kuchezeshwa na mtoto," alisema. Mama Feni hakucheka, lakini alimpunguzia.

Alhamisi, alipokuwa na bisibisi mkononi akiifunga kadi, simu ikaingiza ujumbe. Ni binti.

"Shikamoo baba. Kadi umeipata?"

Moyo ulimruka. Kumbe mtoto alisikia, na alikuwa akifuatilia. Akaandika haraka, "Marahaba mwanangu. Nimeipata, iko mbele yangu hapa. Nimeipenda."

Binti akajibu, "Kweli? Haijakuumiza?"

Anaulizia bei, Bwana Kata akajisemea, mtoto ana huruma huyu. Akajibu, "Iliniuma kidogo mwanzoni, sasa basi. Ile ya zamani ilishachoka. Makelele tu na joto. Bora kuanza upya."

"Sikutegemea useme hivyo. Asante sana baba. Mama naye atashukuru."

Hapo kwa mama alisita. Halafu akaona labda mama kachoka kusikia habari za magari na kompyuta. Mtu mpweke hakosi jibu la kujipa.

Jumamosi alinyoa ndevu. Saa nne kamili mchezo ulifunguka bila kukwama, barabara laini, anga safi, lakini jina la binti likabaki la kijivu, hajaingia. Saa tano likawa vilevile. Akapiga simu, haikupokelewa. Saa sita akaona afadhali ashike kazi kuliko kushika tama.

Wateja wake huacha kadi ya harusi, ili majina yaandikwe sawasawa mwanzoni mwa video. Yeye huzitupia zote kwenye trei bila kuzifungua mpaka zamu yake ifike. Bahasha ya tatu aliyoichukua haikuwa ya mteja. Ilikuwa na jina lake mwenyewe, kwa mwandiko wa binti, na mleta vifurushi aliiacha wiki iliyopita pamoja na nyingine. Ndani mlikuwa na kadi ya harusi yenye jina la mama mtoto, na pembeni yake jina la mwanamume asiyemfahamu. Tarehe ilikuwa ya leo, saa nne. Chini, kwa kalamu: "Baba, Jumamosi hiyo sitacheza. Nilitaka usikie kwangu, siyo kwa watu."

Akazirudia zile meseji, moja baada ya moja. Makelele tu na joto. Aibu ilimpanda mpaka masikio yakawaka, na nyuma ya aibu ukaja uchungu, uleule aliodai umekwisha.

Saa kumi binti akapiga, na muziki nyuma yake.

"Baba, nimemsomea mama ulivyoandika. Amelia, lakini kilio cha furaha. Alikuwa anaogopa sana."

"Ni vizuri."

"Nikwambie kitu, usikasirike. Mchezo ule wa magari mimi niliuchoka siku nyingi. Nilikuwa naingia kwa kuwa naogopa, ukikaa peke yako utaumwa. Wenzangu wana mazoezi ya kikapu Jumamosi asubuhi, kila wiki nawakatalia. Sasa nimeona umepona, nimewaambia wanihesabu. Sisi tutakuwa tunapigiana simu, si ndiyo?"

Bwana Kata alikuwa na maneno mawili tu ya kusema: sikuiona kadi. Yangetosha kumrudisha binti kwenye kiti chake Jumamosi ijayo, na zote za baada yake. Upande wa pili alimsikia akipumua taratibu, kama mtu aliyetua mzigo kichwani.

"Nenda ukacheze, mwanangu," akasema. "Mimi nilishapona zamani."

Binti akamwamini tena.