Mkubwa Hatupiwi Kitu

Mwaka wangu wa sita wa kufundisha tenisi pale shuleni Nsemulwa, Mpanda, nilianza kusinzia nikiwa nimesimama. Si utani. Saa kumi jioni, jua la Oktoba limelegea, moshi wa mashamba yanayochomwa umetanda, mpira ulinijia nikaurudisha, ukanijia tena nikaurudisha, na hapo katikati nilikuwa nimeshakwenda zangu. Nilikuwa kijijini Katumba, mtoto, nachunga mbuzi wa baba. Au sikuwa popote. Mkono ulibaki kiwanjani ukifanya kazi peke yake.

Lawama zote nilimpa Monika. Monika Malale, msichana wa miaka kumi na minne, binti wa wafugaji wa Kisukuma, alikuja kwa baiskeli kutoka Mwamkulu. Alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, na mpira wake haukuwa na madhara kwa kiumbe chochote. Kila nilipompigia aliurudisha palepale niliposimama, usawa wa kiuno, polepole, kama anayenikabidhi bakuli la uji. Miezi minane nilipiga kelele: "Piga mbali! Nikimbize!" Alijibu, "Ndiyo, kocha," kisha mpira ukaja mkononi mwangu. Wenzake watano nao wakawa hivyohivyo. Nikajiambia, hawa hawana moyo wa kushindana, na mimi sina tena moyo wa kuwapa.

Alhamisi moja nikamwambia mke wangu, Joséline, kwamba nakwenda kuwaaga. Nibaki na vipindi vyangu vya jiografia, yaishe.

"Wewe Egide," akasema, "tangu tuoane, kitu pekee kilichowahi kukuharakisha ni hiyo tenisi. Ukiiacha, nitaishi na nani humu ndani?"

Ilinichoma. Nilikwenda hivyohivyo, na nilichelewa makusudi.

Nyuma ya darasa la mwisho nikasikia mpira ukipigwa kwa mlio ambao sijawahi kuusikia kiwanjani kwangu. Nikachungulia. Monika alikuwa anacheza na Manyanda, mvulana wa darasa lake, mmoja wa wale watano, wengine wakitazama pembeni. Akampeleka kulia, akamrudisha kushoto, akamwita mbele kwa mpira mfupi, kisha akaupitisha juu ya kichwa chake. Vumbi jekundu lilipanda likaning'inia kwenye mwanga, na ndani yake yule msichana alikuwa kama haigusi ardhi. Nilidhani nimesinzia tena. Nilijifinya kabisa.

Waliponiona wakaacha. Monika akapiga goti kidogo. "Shikamoo, kocha."

"Marahaba. Hiyo mipira umeitoa wapi?"

"Ipi, kocha?"

"Hiyo unayompigia Manyanda. Mimi mbona hunipigii hivyo?"

Akaangalia chini. Akajibu Manyanda: "Kocha, sasa mtu mzima utamtupiaje kitu? Kwetu mkubwa anapewa mkononi. Umtupie halafu aanze kuhangaika kukifuata, hiyo si dharau?"

"Nilikuwa najitahidi usikupite hata mmoja," Monika akasema kwa sauti ndogo.

Hata mmoja. Nikaikumbuka mipira ya miezi minane. Mingine niliipiga vibaya, mingine kwa hasira, mingine nikiwa usingizini, na yote ilirudi kwenye raketi yangu bila kunisogeza hatua. Mimi siwezi kufanya hivyo. Sijui nani Mpanda nzima anayeweza. Nilikuwa na kipaji mbele ya macho yangu nikakiita ubutu, tena mimi niliyelelewa na mama wa Kirundi aliyenichapa kwa kumpa mgeni kikombe kwa mkono mmoja. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Miezi yote hiyo nilipiga kelele, wala sikuwahi kuuliza.

"Sikiliza, Monika," nikasema. "Mkubwa wako anakuomba. Nipe, lakini nipe pale nisipofika."

Akaokota mpira. "Hutakasirika?"

"Nitakasirika nikiufikia bila kutoka jasho."

"Na ukianguka?"

"Nitaanguka."

Akauanzisha mpira. Wa kwanza niliurudisha. Uliofuata ulikwenda kona ya mbali, chini, kwa kasi, nami nikakimbia. Sijui mara ya mwisho nilikimbia lini. Kiwanja kilirefuka, mwanga ukawa mzito, na nilikuwa macho kabisa, niliuona hata mshono wa mpira ulipokuwa unanipita. Kisha nikala mchanga. Monika alijiziba mdomo, wenzake hawakujua kama inafaa kumcheka mtu mzima aliyelala kifudifudi. Nikacheka mimi, ndipo nao wakaangua.

"Mwingine," nikasema nikijipangusa. "Na nyie wengine, nyie nyote, nani alikuwa ananihurumia?"

Mikono mitano ikapanda.

Nikawaita mmoja mmoja wanipigie. Jua lilizama sijawaaga. Niliwaambia kesho saa kumi kamili, na njia nzima ya kurudi nyumbani, nikichechemea, hofu yangu ilikuwa moja tu: nisije nikachelewa.