Mwenye Mashoto Hakai Katikati

Ilibaki siku moja picha itundikwe ndipo mama mtu akaja kuiangalia. Angekuja wiki iliyopita ingemgharimu nini? Lakini ndivyo alivyo: mpunga kwanza, mengine yatajijua.

Binti yake alikuwa fundi wa mabango. Vinyozi, gereji, maduka ya dawa, yote kayachora yeye. Hii ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza ya maana: wavunaji mstarini, wameinama na miundu yao kwenye shamba la mpunga, picha ya ukumbi wa wakulima. Mama yake kamweka katikati kabisa, penye mwanga. Akangoja sifa.

Mama alicheka mpaka akashika kiuno.

"Mwanangu, umeniua! Mimi na mashoto yangu hapo katikati? Si ningemkata mwenzangu vidole?"

Fundi akajipiga paji la uso. Alilijua hilo tangu utotoni: mwenye mashoto huvuna mwisho wa mstari, upande wa kushoto, ili mundu wake uende kusiko na mtu. Miaka thelathini mama yake alivuna hapo.

"Pale pembeni yupo Mwenyekiti," akajitetea. Kweli alikuwepo, mkuu wa chama cha wakulima, amesimama wima, kofia kichwani, mikono mfukoni. Aliomba mwenyewe awemo.

"Pale ni pangu," mama akasema, na sasa hakuwa anacheka. "Wenzangu wakiiona hii watasema si mimi. Na kweli si mimi."

Yalimchoma maneno hayo. Akampigia Mwenyekiti simu.

"Ukinitoa, hiyo picha haipandi ukutani!" Mwenyekiti akafoka, akakata.

"Haya, hutoki," fundi akaiambia simu. Akajifunga kilemba, akashika kisu, akaanza kukwangua rangi. Bahati nzuri rangi ya mabango hukauka upesi.

Kesho yake ukumbi ulijaa. Mwenyekiti akavuta kitambaa kilichoifunika picha kwa mkono wake, macho moja kwa moja kwenye pembe yake. Pembeni kulikuwa na mwanamke, mundu mkono wa kushoto.

"Huyo! Hapohapo pake!" wavunaji wakapiga vigelegele.

Mwenyekiti akavimba. "Na mimi niko wapi?"

"Katikati." Fundi akamwonyesha kwa kidole. "Hujatoka, Mwenyekiti. Ila mstarini hakuna nafasi ya kusimama."

Ni yeye kweli: kofia ileile, makalio juu kama wenzake, mundu mkononi.

"Lo! Kumbe Mwenyekiti unavuna, ulikuwa unatuficha tu!" mmoja akapaza sauti, na ukumbi mzima ukamshangilia. Angekanaje mbele ya watu wote wale? Akakohoa, akaweka kofia sawa.

"Itundikwe," akasema.

Mama mtu akaisogelea picha, akagusa mahali pake kwa kidole. Kisha akamgeukia.

"Kesho asubuhi tunaingia shamba la chini, Mwenyekiti. Katikati tumekuachia. Mundu nitakuazima."