Jina Juu ya Masizi

Krr, krr, krr. Kabla jogoo hajawika, Santina alisikia kijiko kikikwangua sufuria jikoni. Alijua ni Régine, mke mpya wa mwanawe Pitia, anayeamka mapema kila siku ili mama mkwe asikute masizi. Siku nyingine angeshukuru kimyakimya. Leo alitoka mbio, hata viatu hakuvaa.

"Acha, mwanangu! Usikwangue hiyo!"

"Lakini iko nyeusi kabisa, Mama."

"Naipeleka darasani hivyo hivyo."

Régine akaweka kijiko chini. Akaleta kitenge chake kizuri cha harusi, akaifunga sufuria ndani yake ili masizi yasifutike njiani. Santina aliliona jambo hilo, akaliweka moyoni.

Mwaka huo wa 1996, mwalimu Norah alikuwa akifundisha wanawake wanne, Santina mmoja wao, kutengeneza video, katika chumba kimoja hapo Ediofe, mjini Arua. Alikuwa na kamera, deki mbili na televisheni. Aliwafundisha kufifisha picha taratibu mpaka giza, kuisimamisha picha, na kuweka maandishi juu yake. Unapanga herufi nyeupe za plastiki kwenye kitambaa cheusi, unazipiga picha kwa kamera, nayo inazikumbuka. Ukibonya tena, weusi unapotea, weupe unabaki juu ya picha. Santina alikuwa mzee kuliko wote na alisoma kwa kidole, neno moja moja, lakini Norah hakumharakisha hata mara moja.

Kanda waliyojifunzia ilikuwa ya harusi ya Pitia. Siku ya Jumanne alikuja Lokule, shemeji yake Santina, mkubwa wa ukoo, na karatasi ya majina kumi na manne. Yote ya wanaume waliokaa meza ya mbele. Norah akayaweka yote.

"Na Pasca?" Santina akauliza.

"Pasca gani?"

"Unamjua. Mke mwenzangu."

Lokule akacheka. "Yule alipika tu. Na hakuzaa. Nani anaandika mpishi?"

Santina alikumbuka. Mwaka wa 1979, watu walipokimbia Koboko, mguu wake ulikuwa umevunjika na Pitia alikuwa na miaka minne. Pasca alimbeba mtoto mgongoni siku mbili mpaka ndani ya Zaire, kisha akarudi na baiskeli ya kuazima kumchukua Santina. Mume wao alifia huko. Waliporudi nyumbani, ukoo ukamwambia Pasca aende kwa kaka zake huko Kuluba, kwa sababu hakuwa na mtoto. Akaondoka na mkeka mmoja. Siku ya harusi alikuja kwa miguu, akashika mwiko bila kuitwa.

"Jina lake litaingia," Santina alisema.

"Shemeji, usilete kichwa ngumu." Lokule akachukua sanduku lenye zile herufi na kitambaa cheusi, maana yeye ndiye aliyelileta kutoka Kampala kama zawadi ya darasa. "Tuone utaandika na nini. Jumapili tunaonyesha kanda kwangu Koboko."

Alipotoka, Norah alinong'ona, "Mama, mimi naogopa huyu mzee."

"Wewe ogopa tu. Mimi nitabonya."

Alasiri ile ile Santina akatandaza unga wa muhogo kwenye sinia, akaandika kwa mkaa. Wakajaribu. Maandishi yakapotea, unga ukabaki, na maharusi wakamezwa wazima wazima.

"Eh, Mama! Umemzika bwana arusi katika muhogo!" Wanawake walicheka mpaka machozi, na Santina akacheka nao.

"Umegeuza," Norah akasema kwa upole. "Weusi ndio unapotea."

Ndiyo maana kesho yake asubuhi kijiko cha Régine kilimtoa kitandani.

Darasani, yeye na Norah waliilaza sufuria kifudifudi mezani. Santina akachovya kidole katika uji mzito wa muhogo, akaandika juu ya masizi. Herufi ya S ikaangalia nyuma. Norah hakumnyang'anya kazi. Alimshika mkono tu, wakaifunika kwa masizi mengine, wakaandika tena, na Santina akabonya.

Jumapili ua wa Lokule ulijaa. Pasca alikaa nyuma, karibu na mafiga. Majina kumi na manne yakapita, watu wakapiga makofi. Kisha picha ikasimama: mwanamke mzee ndani ya moshi, mwiko mkononi, na juu yake maandishi meupe yaliyopinda. PASCA ALIMBEBA PITIA.

Lokule akaruka. "Nani amefanya hii?"

Santina akasimama, akainua kidole chake. "Hiki hapa."

"Zima hiyo kitu!"

Pitia akaenda kusimama mbele ya deki. "Hapana zima, Baba mkubwa. Rudisha nyuma. Wengine hawajasoma."

Norah, aliyeogopa, ndiye aliyerudisha. Safari hii watu wakasoma kwa sauti, ua mzima. Lokule akaingia nyumbani, akafunga mlango. Hakuna aliyemfuata.

"Wanasoma nini?" Pasca akauliza, maana hakujua kusoma. Santina akamwambia, na jinsi kidole chake kilivyoandika juu ya masizi ya sufuria. Régine alikuwa amekwisha kuleta kiti, akakiweka mbele kabisa, kwenye meza ya wanaume.

Pasca alikaa hapo mpaka kanda ikaisha. Wakati wa kuagana akamshika Santina mkono, akageuza kile kidole na kukitazama.

"Ulikuja Kuluba mara moja tu, mwaka ule wa njaa," akasema. "Kuja tena, mwenzangu. Na kuja na hiyo sufuria. Mimi pia nataka kuandika."