Doa Chini ya Kikombe

"Mdogo wako ndiye atakayetandika meza ya Bwana kesho," mchungaji alisema, akaaga.

Mama Vitambaa akabaki na pasi mkononi. Mdogo wake! Yule aliyetoroka na mume wa mtu, mama yao akakata roho akimwita? Karudi juzi tu na kamfuko kake, kapiga magoti kanisani, kanisa zima likalia na kumkumbatia. Na yeye aliyefua kitambaa hiki cha meza tangu usichana, aliyemlisha mama kwa kijiko mpaka siku ya mwisho, nani kamkumbatia? Mgeni njoo, mwenyeji apone, watu husema. Mbona mwenyeji huyu alikuwa anaugua?

"Kumbe ningetoroka na mimi," akamwambia Mungu, wala hakunong'ona.

Kisha akaigandamiza ncha ya pasi katikati ya kitambaa, akaitazama. Hakuisahau, la hasha. Alipoinyanyua, palikuwa na doa la kahawia. Atakayekitandika ndiye atakayeaibika.

Jioni mdogo wake akaja kukichukua.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Usikikunjue mpaka kesho, kitaingia mikunjo."

"Haya. Dada, hakuna anayejua kupiga pasi kama wewe."

Mama Vitambaa akajifanya anatafuta kitu kabatini.

Jumapili alikaa benchi la mbele, aone vizuri. Mdogo wake akakikunjua kitambaa, mikono ikasita. Akamtazama dada yake, kitambo tu, macho yakijaa machozi. Akakilaza, akakilainisha kwa viganja, na juu ya doa akaweka kikombe. Hakuna aliyeona kitu. Mama Vitambaa akatamani ardhi ipasuke.

Wakati wa kushiriki ulipofika hakutaka kwenda, lakini jirani alimsukuma kwa kiwiko: "Twende, mama, unatuzibia njia!" Akapiga magoti mbele ya meza, wa kwanza.

Mchungaji akainua kikombe. Doa likabaki wazi kwenye weupe ule, mbele ya uso wake. Mchungaji akaliona. Akamwangalia yeye, mpiga pasi pekee wa kanisa lile, muda mrefu kidogo.

"Nimeunguza mimi," Mama Vitambaa akasema. "Kwa makusudi. Kwa wivu."

Nyuma yake mtu akakohoa. Kikombe hakikurudi nyuma. Kilikaa palepale, karibu na midomo yake, kikimsubiri.