Dakika Nne za Kumchagua Mrushaji

Zilikuwa zimebaki dakika nne timu yetu ya besiboli itaje chaguo lake la kwanza, siku ambayo timu zote huchagua wachezaji wapya kwa zamu. Delbert Hruska, aliyesaka vipaji vijijini kwa miaka thelathini, alimtaka kijana mmoja mrushaji mpira kutoka jimbo la Nebraska. Noreen Voss, mtaalamu wa takwimu, alimtaka mwingine kutoka jimbo la Georgia.

"Huyo wako anarusha polepole, mzee," alisema Noreen. "Namba hazina upendeleo."

"Namba zimewahi kumwona mtu akitetemeka, dada? Wangu hatishiki hata uwanja mzima ukimzomea."

"Yaani tumchague kwa sura?"

"Basi!" Bosi wetu, Curtis Pell, alipiga meza. "Delbert, umemwona mara ngapi akicheza?"

Mimi, karani wa ofisi, nilijua ripoti ya Delbert ilisema mara tano.

"Mara moja," alisema Delbert. "Mke wangu alilazwa, sikuweza kurudi. Zile nne nyingine kwenye ripoti niliziandika tu bila kwenda. Lakini hiyo moja, Curtis, sijawahi kuona kitu kama kile."

Curtis aliinua simu akataja jina la kijana wa Georgia.

Dakika chache baadaye timu nyingine ilimchukua yule wa Nebraska. Delbert alifumba macho, akaanza kukusanya karatasi zake.

Noreen alimfuata mlangoni. "Ungeweza kudanganya tena, useme mara tano," alimwambia. "Na mimi nisingeweza kukupinga."

"Najua," alijibu Delbert, akatoka.