Fimbo Isiyo na Kaburi

Mwana wa Nasiwenka alifia katika kambi ya wajenzi wa reli, mbali upande wa magharibi, akazikwa na watu wasiojua hata ukoo wake. Habari ilipofika kijijini kwetu juu ya jabali, udongo wa kaburi lake ulikuwa umekwisha kukauka. Katika kijiji chetu, fimbo ya sungura, ile ya kutupa mawindoni, humfuata mwenyewe mautini. Haibaki nyumbani ikiwakodolea macho walio hai. Lakini yake ilibaki, kwa kuwa kijijini hapakuwa na kaburi la kuitia. Ilining'inia ukutani, bapa, imepinda kama kiwiko, mpini wake uking'aa kwa jasho la kiganja kimoja.

Nasiwenka hakulia. Alifagia, alichota maji chemchemini, na aliposalimiwa aliitika. Alikuwa kama mtu aliyeukalia mguu wake hata ukafa ganzi: anajua kwamba mguu upo, ila haumwambii neno.

Kaka yake, Homventewa, ndiye aliyeichonga fimbo ile kwa mti wa mwaloni, kama ilivyompasa mjomba. Siku moja alisimama mlangoni pa dada yake, akasema, "Dada, hiyo haiwezi kukaa hapo."

"Imekukosea nini?"

"Mimi haijanikosea. Inakumaliza wewe. Nipe nikaizike."

"Uzike kipande cha mti, watoto wa watu wapate la kuchekea?"

"Basi kesho kuna msako wa sungura. Niache nikaitupe, angalau ifanye kazi yake. Nawe uje."

"Ichukue. Ukitaka uirudishe. Usipotaka, kuni hizo."

Alilitamka neno "kuni" kama mtu anayetaja chumvi. Homventewa angestahimili kilio kuliko neno lile.

Asubuhi wanaume walitawanyika bondeni wakafanya duara pana, wakapiga kelele na kulikaza duara polepole kuelekea katikati. Wanawake walifuata nyuma. Desturi ya msako huo ni moja: mwanamume akimpiga sungura, wanawake wasio wa ukoo wake hushindana mbio, atakayemfikia kwanza na kusema "askwali" humchukua yule sungura. Hilo ndilo neno la shukrani la wanawake, maana kwetu mwanamume ana lake na mwanamke ana lake. Kisha mwanamke huyo hupika, naye hupeleka chakula nyumbani kwa mama wa mwindaji, na deni la heshima huwa limekwisha.

Nasiwenka alisimama kando ya kichaka, amejifunika blanketi; alikuja kwa sababu aliambiwa aje.

Sungura mmoja alichomoka miguuni pa Homventewa. Aliinama, akaitupa fimbo ile chini chini. Ikazunguka juu ya mchanga, ikamvunja sungura miguu ya nyuma, kisha ikagonga mwamba. Mlio wake ulisikika duara zima. Wasichana wakatimua mbio.

Aliyewapita ni Polinsi, mwanamke mnene wa makamo, shangazi wa marehemu, dada wa baba yake. Shangazi, kwetu, ana ruhusa ya kumtania mtoto wa kaka yake, kumwita mume, na kumtukana kila binti anayemtupia jicho. Tangu habari ya kifo ifike, Polinsi hakuwa amemtania mtu yeyote. Sasa alikuwa ameipandisha sketi magotini.

"Rudini nyuma, enyi mabua makavu! Huyu ni mume wangu!"

"Shangazi, utaanguka!" msichana mmoja alicheka.

"Nikianguka nitakuangukia wewe, uwe mkate!"

Alifika akihema. Homventewa alimnyooshea sungura, lakini Polinsi hakumtazama. Aliiinamia fimbo pale mchangani, akasema wazi, "Askwali, Lomasohu."

Vicheko vikakatika. Jina la marehemu halitajwi namna ile, tena mbele ya watu.

"Shemeji," Homventewa alisema kwa sauti ya chini, "aliyetupa ni mimi."

"Wewe ni mkono wa kuazima tu. Fimbo ya nani?"

"Ya marehemu."

"Basi sungura ni wake, na chakula nitampelekea mama yake. Kama yuko mwenye sheria nyingine, aiseme."

Akamtwaa sungura mkononi mwa Homventewa, akaenda zake.

Kabla jua halijatua, Polinsi aliingia kwa Nasiwenka na sinia ya mikate midogo ya mahindi ya buluu, ambayo hutiwa majivu yakoze rangi, iliyofungwa katika maganda ya mahindi. Homventewa alikuwa amekaa pale.

"Wifi, nimemletea mwanao shukrani ya sungura wake."

Nasiwenka hakunyoosha mkono. Sote tulijua maana yake: akipokea, amekubali kwamba mwanawe amewinda mara ya mwisho.

"Mwanangu hakuwinda leo."

"Amewinda. Tena akanipa mimi, akawanyima wale vidomo. Hata huko aliko, ana akili."

Kisha Nasiwenka alifungua ganda moja, akala. Alitafuna kama anayetafuna kitambaa.

"Hukutia majivu ya kutosha," alisema. "Rangi imepauka."

"Nilikuwa na haraka."

"Haraka gani? Wewe ni mvivu."

"Ni mvivu, wifi," Polinsi aliitika, na machozi yakamtoka. Nasiwenka aliyatazama kama atazamavyo mtu mvua inyeshayo bonde la pili. Akamgeukia kaka yake. "Fimbo iko wapi?"

"Imepasuka toka kiwiko hadi mpini. Haiungiki."

"Basi mwenyewe amemaliza kazi nayo. Kesho twende."

Asubuhi watatu hao waliteremka ubavuni mwa jabali, mahali walipolala wafu wetu. Homventewa alichimba, akailaza fimbo, na Polinsi akaweka mkate mmoja kando yake. Nasiwenka alisimama, macho makavu. Mara akapiga magoti, akaigeuza fimbo.

"Umeielekeza kwetu," alimwambia kaka yake. "Mpini uwe magharibi, upande wake, apate kuushika."

Akapanga mawe mwenyewe, moja juu ya jingine. Alipokwisha, alilisukuma lile la juu kwa kiganja aone kama linacheza. Halikucheza.